Nguvu Uliyokwisha Kuilipia

Ukitaka kumpima fundi pikipiki wa Kamanga, tazama boksi alilotandika chini kabla hujaitazama mikono yake. Ni boksi la kawaida, la sabuni au la biskuti, limepasuliwa na kulazwa kivulini. Juu yake injini inashuka kipande baada ya kipande, na kila kipande kina mahali pake. Nati nne za hedi zimekaa kwenye pembe nne, kama zilivyotoka. Roka ya valvu ya kuingiza hewa iko kushoto, ya kutoa moshi iko kulia, na pushirodi ya kila moja imelala karibu na roka yake. Fundi asiye makini huzitupa zote kwenye beseni moja la petroli, azioshe pamoja, kisha achukue inayokuja mkononi. Injini itawaka. Lakini vyuma vilivyosuguana miaka mitatu vimekwisha kuzoeana, na ukivibadilishia wenza unavianzishia ulaji upya. Anayepanga boksi lake analijua hilo, na hahitaji kulisema.

Nimelitazama boksi la namna hiyo kwa muda mrefu, na nataka kuisifu kazi inayofanyika juu yake, kwa sababu ni kazi ambayo wengi wetu huiona ikiwa imekwisha tu: pikipiki inawaka, abiria anapanda, safari inaanza.

Kamanga ni mahali pa kushukia. Iko wilayani Sengerema, ukingo wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, na vivuko vinavyotoka katikati ya jiji la Mwanza vinafikia hapo. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, limeunganisha Kigongo na Busisi upande wa kusini, na magari mengi ya safari ndefu sasa yanapita huko. Hata hivyo, kwa mtu wa vijiji vya huku anayekwenda sokoni au hospitali mjini, maji ya Kamanga bado ni njia ya mkato. Akishuka kwenye kivuko, yeye na mzigo wake ni wa bodaboda: gunia la dagaa, mabati, ndoo za mafuta ya kula, godoro, mama na mtoto. Pikipiki iliyoundwa ibebe watu wawili inabeba kijiji, kwenye changarawe na vumbi jekundu, siku sita au saba kwa wiki.

Ndiyo maana kila dereva kijana, hasa aliye kwenye mkataba na anayepaswa kupeleka hesabu kila jioni, hufika kwa fundi na ombi lilelile. Anataka nguvu iongezwe.

"Fundi, nifungie mia na hamsini, twende zetu."

"Mdogo wangu, hii mia na ishirini na tano yako hujaimaliza. Acha nikurudishie kwanza uliyokwisha kuilipia."

Ombi la kijana si la kipuuzi. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa nchini, kuanzia Toyo na SanLG hadi T-Better, zina injini za ukoo mmoja, ukoo wa Honda CG125. Injini ya CG ya 125 ina tundu lenye kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni yake hupanda na kushuka milimita 49.5. Ile ya 150 ina mwendo uleule wa milimita 49.5, ila tundu lake ni milimita 62. Piga hesabu ya ujazo, utapata cc 124 kwa ya kwanza na cc 149 kwa ya pili. Tofauti yote iko kwenye upana wa tundu. Kwa hiyo bloki, pistoni na ringi za 150 zinaweza kukaa juu ya kranki ya 125, na mtu akapata nyongeza ya asilimia 20 bila kununua injini nyingine. Kazi hii inafanyika, na ikifanywa kwa akili inafanyika vizuri.

Lakini tazama inavyodai mengine. Silinda ya 150 ni nene, hivyo mdomo wa krankesi unapaswa kupanuliwa ili iingie. Hedi ya 125 ina chumba kidogo na valvu ndogo, na nyongeza ya hewa itasongwa pale mlangoni, kwa hiyo hedi nayo inafaa ibadilishwe. Kabureta itahitaji jeti kubwa zaidi. Pistoni pana ni nzito kuliko ya zamani, wakati kranki ilipimwa kwa uzito wa ile ndogo, basi mtikisiko utaongezeka. Na nguvu hiyo yote mpya itabebwa na klachi ileile, konrodi ileile na beringi zilezile ambazo zimekwisha kutembea maelfu ya kilomita. Fundi anayefunga bloki kubwa na kuacha vingine vyote jinsi vilivyokuwa amehamisha tu mahali pa kuharibika, kutoka juu kwenda chini, ambako kufungua ni ghali zaidi.

Ukoo huu wa CG una historia inayostahili kujulikana na kila anayeishika spana namba kumi. Kabla yake Honda ilikuwa ikiuza CB125, ambayo kemshafti yake iko juu, kwenye hedi, ikizungushwa kwa cheni. Katika nchi nyingi za joto na vumbi pikipiki hizo ziliharibika mapema, kwa sababu wenyewe hawakuwa wakibadilisha oili wala kusafisha eakilina kwa wakati, na walizipakia kupita kiasi. Honda ilituma wahandisi wake wakaone matumizi yenyewe yalivyo. Katikati ya miaka ya 1970 walirudi na injini iliyoonekana ya kizamani: kemshafti imeteremshwa chini karibu na kranki, inazungushwa kwa gia, ina nundu moja tu inayoinua valvu zote mbili kupitia pushirodi. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Mwaka 1976 Honda ilianza kuiunda hata Manaus, nchini Brazili. Naipenda habari hii kwa sababu wahandisi wale hawakumlaumu mwenye pikipiki. Waliikubali barabara yake, mzigo wake na mfuko wake, wakaunda kitu cha kumstahimilia. Boxer na TVS za kutoka India, ambazo nazo zimejaa kwenye vijiwe, zina kemshafti ya juu na cheni ya taimingi, na ni injini nzuri. Lakini kwa mtu anayetaka kujifunza kufungua na kufunga mwenyewe, CG ni mwalimu mpole.

Basi fundi anaanza na kurudisha. Anajua kitu ambacho dereva hakihesabu: uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 88 ya lile la Dar es Salaam au Tanga. Kila mara pistoni inapovuta, inapata hewa pungufu kwa zaidi ya moja ya kumi, na moto unaowaka ndani unapungua kwa kadiri hiyohiyo. Upungufu huo hauna fundi. Lakini kwa kuwa huo haukwepeki, kila kinachovuja zaidi ya hapo kinauma mara mbili. Kompresheni inayopita kwenye ringi, inayopita chini ya valvu, inayopita kwenye gasketi iliyoungua: hiyo ndiyo nguvu iliyokwisha kulipiwa dukani na ambayo mwenyewe haipati.

Anaanza na valvu. Anaitoa kila moja, anaukwangua ukaa, anapaka unga wa kusagia kwenye ukingo wake, anairudisha kwenye kiti na kuanza kuizungusha kwa viganja, huku na huku, akiiinua kila baada ya mizunguko kadhaa ili unga ujisambaze. Sauti inakwaruza mwanzoni, halafu inalainika, halafu karibu inapotea. Anafuta, anatazama. Anachotafuta ni mstari mmoja wa kijivu hafifu unaozunguka wote bila kukatika. Ukikatika mahali hata padogo, anarudia. Kisha anaipindua hedi, anamimina petroli ndani ya chumba chenye valvu zilizofungwa, na kusubiri. Hakuna mashine hapa, hakuna geji, ni petroli na muda. Anayefanya kazi kwa pupa atatazama nusu dakika aseme imekaa. Fundi huyu anaiacha hedi juu ya boksi na kwenda kuosha kabureta. Akirudi, anapitisha kidole ndani ya njia ya hewa. Kidole kikiwa kikavu, anaendelea. Kikiwa na unyevu, anarudi kwenye unga. Hakuna anayemwona akirudia, na hakuna atakayemlipa kwa kurudia.

Hedi ikiwa bado mkononi, anapitisha kidole mahali pengine ambapo wengi hawapitishi: pale mkono wa kabureta unapokutana na hedi. Viwanda vya bei nafuu huacha ngazi ndogo ya alumini pale, na gasketi nayo mara nyingi hujitokeza ndani ya njia. Hewa inajikwaa. Anakwangua kwa tupa ya duara, taratibu, hadi matundu mawili yalingane, na anakata gasketi iyafuate. Hapanui njia, anaondoa kizuizi tu. Hii ndiyo nyongeza ya nguvu isiyo na gharama ya baadaye, kwa sababu haikidai chuma chochote zaidi ya kilivyokuwa kikidaiwa.

Bloki ndiyo inayosafiri. Silinda ikishaliwa, ikawa pana juu na nyembamba chini, au ikapata mikwaruzo inayoshika ukucha, ringi mpya hazitasaidia lolote. Lazima ichongwe, na kuchonga kunahitaji mashine. Kwa hiyo bloki inafutwa, inapakwa oili isipate kutu, inaviringishwa kwenye kiroba na kuvuka ziwa kwenda kwa wachonga vyuma mjini. Pistoni inakwenda nayo. Hilo ni jambo ambalo fundi analisisitiza kwa kila kijana anayemtuma: pistoni inunuliwe kwanza, bloki ichongwe kuifuata. Saizi zinapanda kwa robo milimita, 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, lakini pistoni mbili zilizoandikwa 0.50 zinaweza kutofautiana kidogo, na nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na ukuta ni sehemu chache tu za mia ya milimita. Ikibana, siku ya jua kali na mzigo mzito pistoni itavimba na kunata. Ikilegea, itagonga kila asubuhi hadi injini ipate moto, na itakula oili.

Bloki ikirudi, ukuta wake haupaswi kung'aa. Unatakiwa uwe na mistari myembamba inayopishana kama wavu wa dagaa, kwa sababu ndani ya mistari hiyo ndimo oili inamokaa. Ukuta uliong'arishwa unapendeza macho, na oili inateleza juu yake, na ringi hazikai. Fundi anaiosha bloki kwa maji na sabuni ya unga, si kwa petroli peke yake, maana petroli huacha chembe za msasa ndani ya mistari. Anaosha, anasuuza, anafuta kwa kitambaa cheupe, na anaendelea mpaka kitambaa kitoke cheupe. Halafu haraka anapaka oili, kabla hewa ya ziwa haijaanza kutia kutu.

Ringi anazipima moja moja. Anaiingiza ringi ndani ya silinda, anaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha anaingiza fila geji kwenye mwanya wake. Mwanya ukiwa mdogo mno, ncha zitagusana injini ikipata moto na ringi itavunjika. Ukiwa mkubwa mno, kompresheni inapita. Zikiwa sawa, anazivisha kwenye pistoni, herufi zikitazama juu, na miwanya yake anaitawanya ili isisimame kwenye mstari mmoja. Kidole gumba kinazibana, bloki inateremka bila nyundo. Ukiona fundi anagonga bloki ili iingie, kuna ringi inayokaribia kukatika mle ndani.

Nati za hedi zinakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa awamu. Kisha zinakuja tapeti. Anazungusha magneti mpaka alama ya T isimame mahali pake, anatikisa roka zote mbili kuhakikisha ni mwendo wa kubana, si ule wa kutoa moshi, na anarekebisha nafasi. Kwa CG ya Honda ni milimita 0.08, pungufu ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Madereva wengi wanataka ukimya, wanamwambia fundi abane hadi kelele iishe. Naye hakubali. Valvu ya moshi isiyo na nafasi haifungi sawasawa injini ikipata moto, na valvu isiyofunga haipoi, kwa kuwa inapoza joto lake kwenye kiti. Inaungua ukingo, na ile kazi yote ya unga na viganja inateketea ndani ya wiki chache.

Upande wa pili wa CG, ndani ya kava ya klachi, kuna kikombe kinachozunguka na kranki na kuitupa takataka ya oili pembeni. Ndicho kichujio cha oili. Nimeona mafundi wakifunga injini nzima juu yake bila kukifungua, na ndani yake mna tope jeusi gumu la miaka yote. Fundi ninayemsifu anakifungua kila mara. Anachokoa tope, anaosha chujio la waya lililo chini, na ndipo anamimina oili mpya, lita moja hivi. Kazi hii haiongezi hata chembe ya mwendo, na dereva hataisikia. Inaongeza miaka.

Halafu pumzi. Wapo wanaotoa eakilina kabisa wakidhani injini itapumua vizuri. Kwenye barabara za huku, huko ni kuilisha silinda mchanga, na msasa huo, katika msimu mmoja wa kiangazi, utakula kile kilichochongwa kwa uangalifu wote ule. Fundi anaiosha, anaipaka oili kidogo, anairudisha. Jeti anaichagua kwa kusoma plagi: anaiendesha pikipiki kwa mzigo, anaizima ghafla, anaifungua plagi. Nyeusi yenye masizi ina maana petroli ni nyingi kuliko hewa, jambo la kawaida kwa kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani. Nyeupe ina maana petroli ni kidogo, na hiyo ni hatari zaidi kwani injini inachemka. Anatafuta kahawia iliyofifia. Na anauliza petroli inatoka wapi. Serikali kupitia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuzuia uchakachuaji, lakini petroli ya chupa na kidumu haina mlinzi, na kwenye mialo ambako karabai za wavuvi wa dagaa ziliwaka miaka mingi, kidumu kilichokaa mafuta ya taa ni kitu cha kawaida. Mafuta ya taa ndani ya petroli huifanya injini igonge kilimani, na kugonga huko huvunja ringi mpya.

Kilima chenyewe, ambacho ndicho kinachomfanya kijana aombe nguvu, mara nyingi kinamalizwa na spoketi. Spoketi ya mbele ya meno 15 ikibadilishwa na ya meno 14, msukumo kwenye tairi unaongezeka kwa asilimia 7, na mwendo wa juu unapungua kwa kiasi hichohicho. Kwa anayebeba dagaa kutoka ziwani kupandisha vijijini, mwendo wa juu aliopoteza hakuwa akiutumia.

Wapo mafundi walioitafuta kasi yenyewe. Huko Invercargill, New Zealand, Burt Munro alinunua Indian Scout mpya mwaka 1920, pikipiki ya cc 600 isiyofika hata kilomita 100 kwa saa, na akaifanyia kazi maisha yake yote. Alimimina pistoni zake mwenyewe kwa chuma chakavu, akavunja nyingi, akazipanga zilizovunjika kwenye rafu. Agosti 1967, akiwa na miaka 68, aliiendesha kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akaweka rekodi kwa kasi ya zaidi ya kilomita 290 kwa saa. Namheshimu mno. Ila injini ya Munro ilihitaji kustahimili dakika chache za uwanda mtupu, na ikivunjika yeye alikuwa na mwaka mzima wa kutengeneza nyingine. Injini ya Kamanga inatakiwa iwake kesho alfajiri, na keshokutwa, hadi mkataba uishe na kadi ya pikipiki iandikwe jina la dereva. Wanaoweza kutoa nguvu kwa sharti hilo ni mafundi wa daraja lao wenyewe, na sidhani kama ni la chini.

Pikipiki ikishafungwa, kuna kazi ya mwisho ambayo fundi hawezi kuifanya, lazima amwombe dereva. Kilomita 500 za mwanzo asiibane hadi mwisho, asibebe mzigo mkubwa, asiiendeshe kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu. Apande na kushuka kwa mkono wa mafuta ili ringi zijikalishe ukutani. Kwa mtu wa hesabu ya kila jioni hilo ni ombi zito. Wapo wanaokubali kwa mdomo na kupakia magunia siku hiyohiyo. Fundi anajua nani amefanya nini: kilomita hizo zikitimia anamwaga oili kwenye beseni, anaitikisa juani, na wingi na ukubwa wa chembe zinazometameta vinamwambia safari zote.

Anamimina oili nyingine, anakaza upya nati za hedi, anapima tapeti tena maana zimekaa. Chini ya siti, kwa kalamu ya rangi, anaandika 0.50, ili fundi atakayefungua siku nyingine ajue pa kuanzia. Kijana, ambaye sasa anapanda kilima kwa gia ya tatu badala ya ya pili, bado anauliza habari ya mia na hamsini. Anajibiwa kwamba bloki hii bado ina 0.75 na 1.00. Ikishafika 1.00 na kuliwa, haitachongeka tena, itabidi bloki inunuliwe kwa vyovyote vile; hapo waangalie kranki na klachi zimesimamaje, na kama zinafaa, wanunue kubwa pamoja na hedi yake.